Alamu ya volti 10.5 ni tanzia ya betri

Juzi tena, Kasarani, Nairobi. Mzee mmoja alikuwa amenunua pale Luthuli Avenue mita ya betri yake ya akiba ya nyumbani, yenye alamu inayolia volti zikishuka, na kabla sijatoa bisibisi akaniambia, "Fundi, alamu uiweke 10.5. Hapo ndipo betri huisha." Nimeyasikia hayo Umoja, Ruaka na Rongai, na karibu kila mara nakuta betri iliyouawa mapema.

Hiyo 10.5 ina asili yake. Betri ya asidi ya volti 12 ina seli 6. Ujazo wake hupimwa kwa kuinyonya taratibu kwa saa 20 hadi kila seli ifike volti 1.75. Zidisha kwa 6, unapata 10.5. Ni mwisho wa jaribio, betri ikiwa tupu kabisa. Alamu ikilia hapo inatangaza msiba.

"Basi weka 12.2, hiyo ni nusu," husema aliyesoma kidogo. Ni kweli, kama betri imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika. Lakini stima ikipotea jioni, nani ana betri iliyopumzika? Taa, runinga na ruta zinavuta papo hapo. Friji ikiwaka, kompresa inavuta kwa nguvu, volti zinaporomoka, kisha zinapanda tena. Betri haijaisha, imelemewa tu. Alamu ya 12.2 italia usiku kucha, na wiki ya pili mwenye nyumba ataiziba kwa selotepu. Nimekuta nyingi zimezibwa hivyo na huniuma sana, maana siku betri inapokufa kweli hakuna anayesikia.

Mimi huanza na 11.8 kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani, na nachelewesha mlio kwa dakika moja ili kompresa isiusababishe. Hata 11.8 si namba takatifu. Mzigo, yaani vifaa vinavyovuta umeme, ukiwa mdogo naipandisha, ukiwa mkubwa naishusha kidogo, na baada ya wiki mbili narudi kuirekebisha. Anayekupa namba moja kwa nyumba zote hajawahi kurudi kwa mteja.

Waya za kupimia zitoke kwenye terminali za betri zenyewe, fyuzi ikae karibu na chanya. Ukizichukua kwenye inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, utasoma pungufu kwa sababu ya volti zinazopotea njiani.

Kwa betri ya lithiamu aina ya LiFePO4, sahau alamu ya volti. Volti zake karibu hazisogei hadi betri ikaribie kuisha, kisha zinadondoka. Hapo ni mita yenye shanti tu, kipande kinachofungwa kwenye waya hasi ili mita ihesabu ampea zinazoingia na kutoka. Hasi ya betri ikae peke yake upande mmoja wa shanti. Upande wa pili ni wa vingine vyote: inverta, chaja ya sola, hata kile kiwaya chembamba cha taa ya geti. Kimoja kikipita kando, hesabu yote imeharibika.

Ila shanti huamini unachoiambia. Betri iliyoandikwa 200 Ah (ampea-saa, kipimo cha ujazo), ikishazeeka, huenda imebaki na 120. Ukiingiza 200 kwenye mita, skrini itasoma asilimia 50 huku betri iko karibu kukata roho. Sijapata njia ya mkato ya kuujua ujazo halisi. Jaribio huchukua siku nzima na wateja wengi hawataki kuilipia, kwa hiyo mara nyingi nakadiria, na nimewahi kukosea.

Mzee wa Kasarani alikubali tufanye jaribio hilo. Betri yake ya 200 Ah ilikuwa imejaa, mita yake ina shanti, na mzigo ukawa balbu mbili kubwa za gari, ampea 10 kwa jumla. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Tulipofika 10.5, mahali pekee ambapo namba hiyo ina kazi, ilikuwa saa moja usiku. Saa 13, yaani 130 Ah. Niliirudisha betri kwenye chaja papo hapo, nikaingiza 130 kwenye mita, alamu nikaiweka 11.9, na karatasi yenye namba hizo nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la inverta.