Dirisha la matengenezo: namna ya kupanga masasisho ya kompyuta pepe za winguni

Ukikodi kompyuta pepe kwa Amazon, Microsoft au Google, unachokodi ni kipande cha mashine kubwa iliyo kwenye jengo lao, tuseme Cape Town au Johannesburg. Jengo, umeme, vyuma na ile programu inayoigawa mashine moja kuwa nyingi ni kazi yao. Mfumo endeshi uliomo ndani ya kompyuta yako, uwe Ubuntu au Windows Server, ni wako, na kuusasisha ni juu yako. Ni sawa na nyumba ya kupanga: paa likivuja utamwita mwenye nyumba, lakini usiku haji kukufungia mlango. Hapa Kigoma kauli ya "si ipo kwenye wingu, wenyewe wanaiangalia" inasikika sana, na seva, yaani hiyo kompyuta ya kukodi inayohudumia ofisi, inaweza kumaliza mwaka mzima bila kuguswa kwa sababu kila upande unadhani mwenzake ndiye anayeishughulikia.

Dirisha la matengenezo ni muda uliokubaliwa mapema ambao ndani yake kompyuta hiyo inaruhusiwa kupakua viraka (masasisho madogo ya kuziba kasoro za programu), kuvisakinisha na, ikibidi, kujizima na kuwaka tena, hata kama hakuna mtu aliyekaa mbele yake. Nje ya muda huo haigusi kitu. Mwenye seva anaamua mambo yote mchana, akiwa ametulia: siku gani, saa ngapi, viraka vya aina gani, mashine ipi itangulie. Baada ya hapo ratiba inajiendesha yenyewe.

Umuhimu wake unaonekana kwenye kisa cha WannaCry, kirusi cha kompyuta kilichofunga mafaili ya watu na kudai malipo. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la Windows ambalo kirusi hicho kilipitia tarehe 14 Machi 2017. Kirusi kilianza kusambaa tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kikaingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwemo. Dawa ilikuwa imeshatoka. Kwenye mashine nyingi ilikuwa bado haijawekwa. Ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Kigoma, inayotegemea fundi mmoja ambaye leo yuko Mwanga na kesho yuko Kasulu, ikisubiri "nikipata nafasi nitaiangalia", miezi miwili inapita bila mtu kushtuka.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa huku tunapaswa kuithamini kuliko wengine. Fundi akisasisha seva kwa mkono kutoka kwenye kompyuta yake ya mezani, na mtandao ukakatika katikati, usakinishaji unaweza kuishia njiani, programu moja imeingia na nyingine bado. Ratiba iliyopangwa ndani ya seva yenyewe, au kwenye huduma za wingu kama Azure Update Manager ya Microsoft, Patch Manager ya AWS (wingu la Amazon) au VM Manager ya Google, haijali umeme wa Kigoma umekatika au upo. Kazi inafanyika kule kule mashine iliko.

Sasa tuje kwenye saa, kwa sababu hapa ndipo ratiba nyingi zinapoharibika. Seva za wingu kwa kawaida huwekwa kwenye saa ya UTC, yaani saa ya rejea ya dunia nzima, na sisi tuko saa tatu mbele. Ubuntu inakuja na programu iitwayo unattended-upgrades, na ratiba yake ya kawaida inaanza kusakinisha saa 06:00, ikiongeza kuchelewa kwa kubahatisha hadi dakika 60. Kwenye seva ya UTC, 06:00 ni saa tatu asubuhi ya Kigoma. Yaani usipogusa chochote, masasisho yataingia kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, wakati makarani wanaingiza mizigo na wateja wamejaa dirishani.

Halafu sisi tuna saa zetu. Mkuu wa ofisi akisema "ifanyike saa nane usiku", anamaanisha 02:00 ya hapa. Kwa UTC hiyo ni 23:00, tena ya siku iliyotangulia. Kwa hiyo kazi inayotakiwa kufanyika saa nane usiku wa kuamkia Jumapili inaandikwa kwenye cron, programu ya Linux ya kuendesha kazi kwa ratiba, hivi:

0 23 * * 6

Namba mbili za mwanzo ni dakika na saa, na 6 ya mwisho ni Jumamosi. Fundi aliyeandika 0 2 * * 0 kwa kufikiri Jumapili ni Jumapili, atapata masasisho saa kumi na moja alfajiri, pengine sambamba na nakala rudufu iliyopangwa wakati huo huo. Kwa ofisi yenye seva moja au mbili, naona afadhali kuiweka seva kwenye saa ya Africa/Dar_es_Salaam na kuondoa hesabu hii kabisa. Azure Update Manager pia inakuruhusu kuchagua ukanda wa saa unapopanga dirisha. Chagua wa Nairobi, saa zetu ni zile zile.

Kwa Kigoma kuna jambo jingine tena. Mizigo yetu inavuka ziwa. Mteja wa Kalemie, Uvira au Bujumbura yuko saa moja nyuma yetu. Dirisha likifunguliwa saa tatu usiku kwa kuwa mji umeshatulia, kwake ni saa mbili, na huenda bado anafuatilia shehena yake kwenye simu. Kabla ya kuchagua muda, fungua kumbukumbu za seva za mwezi mmoja uone ni saa zipi hakuna anayeingia. Usikisie.

Urefu wa dirisha nao upimwe. Azure Update Manager haikubali dirisha fupi kuliko saa moja na nusu, na hata kwingine sishauri uende chini ya hapo. Kiraka kimoja cha Windows Server kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko ulivyotegemea, na baada yake bado kuna kuwasha upya.

Kuwasha upya ndiko kunakosahaulika zaidi. Kiraka cha keneli, yaani kiini cha Linux, kinaweza kuwa kimeshaingia kwenye diski huku mashine ikiendelea kutumia kiini cha zamani chenye tundu lile lile. Ripoti itasema kila kitu kimesasishwa. Kwenye Ubuntu kuna alama ya wazi: faili la /var/run/reboot-required likiwepo, mashine inasubiri kuwashwa upya, na kwa mpangilio wa kawaida haitajiwasha yenyewe mpaka uiruhusu. Dirisha lisiloruhusu kuwasha upya linafanya nusu ya kazi.

Je, kila kiraka kiingie chenyewe? Hapana. Viraka vya usalama, ndiyo, na unattended-upgrades kwa kawaida inashughulikia hivyo tu. Kuhama toleo zima la mfumo, au toleo kubwa la hifadhidata, ni uamuzi wa mtu aliyekaa akasoma. Na mashine zote zisisasishwe kwa mkupuo. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zilizokadiriwa na Microsoft kufika milioni 8.5, kwa sababu lilizifikia nyingi mno ndani ya muda mfupi. Kwa tahadhari ya aina hiyo, mpangilio wa kawaida wa AWS kwa Windows unasubiri siku 7 tangu kiraka kitoke kabla ya kukiidhinisha. Ukiwa na kompyuta pepe mbili, ya majaribio itangulie Jumatano, na ile ya kazi ifuate mwisho wa wiki.

Kabla ya kuanza, ratiba ichukue picha ya diski, yaani nakala ya diski nzima jinsi ilivyo wakati huo, ili pakiharibika urudi ulikotoka. Ila kumbuka kwamba kurudi kwenye picha ya saa nane usiku kunafuta kila kilichoingizwa baada ya saa nane. Funga mfumo kwa watumiaji mpaka uhakikishe mashine imewaka salama.

Wapo wanaozima kompyuta pepe usiku ili kupunguza bili, na ni busara, lakini mashine iliyozimwa haisasishwi. Tena ratiba ya Ubuntu ikikosa zamu yake inaifidia mashine inapowaka, na hapo unarudi kwenye masasisho ya asubuhi ofisi ikifunguliwa. Panga mashine iwashwe kabla ya dirisha na kuzimwa baada yake.

Mwisho ni taarifa. Ratiba ikikwama haipigi kelele. Diski ikijaa, kwa mfano, masasisho yatashindwa wiki baada ya wiki huku kila mtu akidhani mambo ni shwari. Agiza barua pepe itumwe kila baada ya dirisha, na isipofika Jumapili asubuhi, hiyo yenyewe ni sababu ya kufungua seva na kusoma kilichoandikwa kwenye /var/log/unattended-upgrades. Wateja nao waambiwe mapema, Ijumaa mchana kwenye kundi la WhatsApp, kwa maneno mafupi: "Ndugu wateja, usiku wa kuamkia Jumapili, saa nane hadi saa tisa na nusu kwa saa za Kigoma, yaani saa saba hadi saa nane na nusu kwa Kalemie, Uvira na Bujumbura, mfumo wa mizigo hautapatikana. Tafadhali kamilisheni maombi yenu kabla ya hapo."