Mtoto wa tatu na likizo ya uzazi: hesabu inaanzia siku uliyoajiriwa

Tangu yatoke marekebisho ya sheria za kazi mwaka 2025, yale yaliyoongeza muda wa likizo kwa wazazi waliojifungua njiti, ofisini kwetu watu wanaokuja kuuliza habari za likizo ya uzazi wameongezeka sana. Hilo ni jema. Ila ukikaa dawatini wiki moja utagundua wengi hawaulizi habari za njiti kabisa, wanauliza habari za mtoto wa tatu. Wana wawili tayari, wanataka kuongeza au mimba imeshaingia, na kuna mtu kazini kawaambia sheria inatambua watoto wawili tu, wa tatu unajitegemea.

Naomba niseme mapema ili anayesoma kwa haraka aondoke nalo: hakuna sheria ya kazi Tanzania Bara inayosema likizo ya uzazi yenye malipo inaishia mtoto wa pili. Haipo. Sijui ilianzia wapi lakini nimeisikia kwa watu wa viwandani, shule binafsi, hotelini, mpaka kwa maofisa rasilimali watu wenyewe ambao walipaswa kuijua sheria kuliko mimi.

Naandika kama afisa kazi, kwa hiyo nitakayosema ni ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366. Namba za vifungu natumia zile tulizozizoea, kama una toleo jipya la sheria angalia usije ukalumbana na mtu kwa sababu ya namba. Watumishi wa umma wana Kanuni zao za Kudumu, waanzie huko. Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira Namba 11 ya 2005. Wanajeshi, polisi, magereza na JKT vifungu hivi vya likizo haviwagusi. Dada wa kazi za nyumbani inamgusa, na hapa mwajiri ni wewe unayesoma, nakukumbusha tu.

Haya sasa. Kifungu cha 33 kinampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo siku zinakuwa 100. Hiyo wengi mnaijua. Msiyoijua ni maneno mawili madogo yanayokaa kwenye kifungu hichohicho, kwamba haki hiyo ni ndani ya "mzunguko wa likizo", na kwamba mwajiri analazimika kutoa likizo hiyo yenye malipo kwa vipindi vinne. Vinne, sio viwili. Ukiwa na watoto wawili na wote uliwazaa ukiwa kwa mwajiri huyohuyo, maana yake umetumia viwili na bado una viwili.

Mzunguko wa likizo ndo unaoleta kilio. Kwa likizo ya mwaka mzunguko ni miezi 12. Kwa likizo nyingine zote, ya uzazi ikiwemo, mzunguko ni miezi 36 ya kazi mfululizo kwa mwajiri mmoja, na unaanza kuhesabiwa siku uliyoajiriwa, ukiisha unaanza mwingine. Hauanzi siku uliyojifungua mtoto wa mwisho! Hili nalirudia kila siku na kila siku anakuja mtu na kalenda amehesabu miaka mitatu tangu mtoto wa pili azaliwe, na bosi wake naye amehesabu hivyohivyo, wote wawili wamekosea halafu wanagombana.

Chukua mfano. Umeajiriwa tarehe 1 Julai 2019. Mzunguko wa kwanza unaisha tarehe 30 Juni 2022. Wa pili unaanza 1 Julai 2022 mpaka 30 Juni 2025. Wa tatu 1 Julai 2025 mpaka 30 Juni 2028. Mtoto wa kwanza umempata 2020, hapo mzunguko wa kwanza. Wa pili Agosti 2022, mzunguko wa pili. Sasa huyu wa tatu, angezaliwa Februari 2025 angekuwa bado ndani ya mzunguko wa pili ambao likizo yake umeshaitumia, mwajiri hakatazwi kukupa lakini sheria haimlazimishi kukulipa. Akizaliwa Septemba 2025 uko kwenye mzunguko mpya na siku zako 84 ziko palepale. Tofauti ya miezi saba tu, na kwa familia inayoishi kwa mshahara hiyo miezi saba ni kodi ya nyumba na ada ya mkubwa.

Na kinyume chake pia kipo, maana kuna watu wananyimwa haki kwa hesabu hiyohiyo. Tuseme yule wa pili alizaliwa Aprili 2025 na wa tatu amekuja Desemba 2026. Hapo hata miaka miwili haijafika lakini mizunguko ni miwili tofauti, kwa hiyo likizo ipo na inalipwa, na mwajiri anayesema "hujamaliza miaka mitatu" amekosea. Simaanishi kwamba nakushauri kubeba mimba harakaharaka. Wataalamu wa afya, Shirika la Afya Duniani likiwemo, wanashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla hajabeba nyingine, na kama ulijifungua kwa upasuaji mara mbili basi hilo la tatu likae mezani kwa daktari kabla halijafika kwangu. Mimi naongelea likizo tu.

Kama tarehe yako inaangukia mpakani, yani unaanza likizo mzunguko huu na kujifungua mzunguko ujao, usiamue kwa maelezo ya hapa. Njoo ofisini na mkataba tuuangalie. Vilevile waliofanya kazi kwa mikataba mifupifupi inayohuishwa, tunaangalia kama kazi ilikuwa mfululizo au ilikatika, na kila shauri lina mambo yake. Na ujue mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini kwa kawaida sehemu hii ya likizo haijamfikia bado, kwa hiyo anayetaka kuhama kazi na huku anafikiria mtoto aliweke hilo kichwani.

Ipo hali moja nzito nayo niiseme. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe, mama akajaliwa mwingine ndani ya mzunguko uleule, sheria inampa siku 84 nyingine zenye malipo. Nimeshakutana na wanawake ambao hawakuambiwa hilo, wakazaa na kurudi kazini wiki ya pili wakiwa bado wanauguza vidonda viwili, cha mwili na cha moyo. Wiki ya pili! Na sheria inakataza kabisa mfanyakazi kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua mpaka daktari athibitishe kuwa anaweza. Mwajiri hawezi kujitetea kwamba mama mwenyewe ndo aliomba kurudi.

Taarifa sasa, na hapa nawasema wafanyakazi wenyewe. Sheria inataka umpe mwajiri taarifa ya kusudio la kwenda likizo ya uzazi miezi mitatu kabla ya tarehe ya kutarajia kujifungua, ikiambatana na cheti cha daktari. Barua iandike nakala mbili, moja ibaki kwao na moja igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe na tarehe uondoke nayo. Kama kazini kwenu wanatumia barua pepe tuma huko pia usifute. Kwenye cheti pawe na tarehe ya makadirio, sio tu "ni mjamzito". Likizo unaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe hiyo, na mapema zaidi kama daktari amethibitisha ni lazima. Watu wananijibu "lakini tumbo si linaonekana, bosi ananiona kila siku". Jamani. Tumbo sio taarifa. Na mimba ya tatu ndo watu wanaificha zaidi, wanavaa magauni mapana mpaka mwezi wa nane kwa kuogopa kusemwa kwamba wanazaa sana, halafu mwezi wa tisa wanakuja kwetu hawana karatasi hata moja. Nakuelewa unavyoogopa, naomba tu uogope huku barua imeshapokelewa.

Kusemwa huko nako kuna kikomo. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini, na kwenye orodha yake mimba imetajwa kwa jina, na majukumu ya familia yametajwa pia. Kumnyima mtu cheo kwa sababu anatarajia mtoto wa tatu ni ubaguzi, kumuuliza kwenye usaili ana mpango wa kuzaa wangapi ili umkate ni ubaguzi, maana sheria inamhesabu hata aliyeomba kazi. Ni kosa la jinai na mwajiri akitiwa hatiani faini inaweza kufika shilingi milioni tano. Na kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba sio sababu halali kwa namna yoyote, haijalishi ni ya ngapi.

Ukiachishwa una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Kama hujaachishwa ila umenyimwa likizo au malipo yake, una siku 60. Unajaza Fomu Namba 1 ya CMA, unampelekea mwajiri nakala kwanza akiri kupokea, ndipo unaipeleka Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipata. Wengi wanaruka hatua ya kumpelekea mwajiri halafu wanarudishwa, siku zinazidi kukatika. Ukichelewa lazima uombe kuongezewa muda na utoe sababu za msingi, na "nilikuwa nalea" inaweza kusikilizwa au isisikilizwe, usiitegemee. Shauri linaanzia kwenye usuluhishi, likishindikana linakwenda kwenye uamuzi, na asiyeridhika na uamuzi ana wiki sita kwenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Upande mwingine wa shilingi, cheti cha daktari cha kughushi ni utovu wa nidhamu unaoweza kukufukuzisha kihalali kabisa na hapo hatutakuwa na la kukusaidia.

Akina baba, nanyi mna yenu. Likizo ya baba kwa kawaida ni siku tatu zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Sasa sikiliza vizuri: hizo siku tatu ni za mzunguko mzima wa miezi 36, hata kama ndani yake umepata watoto wawili. Kwa hiyo baba aliyezitumia kwa mtoto wa pili, wa tatu akija ndani ya mzunguko uleule hana siku hata moja ya likizo ya baba. Ni chache, mimi binafsi naona ni chache mno, hasa kwa nyumba ambayo tayari ina wawili wadogo na mama yuko kitandani. Mkipanga mtoto wa tatu pangeni pia baba aweke akiba ya siku zake za likizo ya mwaka.

Ukirudi kazini, unayenyonyesha una haki ya muda wa kwenda kunyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Kazi ya usiku hupangiwi ndani ya miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua wala miezi miwili baada yake.

Jambo la bima sio la ofisi yangu lakini nalisema kwa kuwa nimeona watu wakikwama. Kwa utaratibu uliozoeleka wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa walio kwenye ajira, mchangiaji anaingia yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Hao wanne ni watoto pamoja na wazazi au wakwe uliowaandikisha. Ukiwa na watoto wawili, baba yako na mama yako, umejaza. Mtoto wa tatu hana nafasi mpaka atoke mmoja, na kumtoa mama yako mzazi kwenye bima ni kikao cha ukoo, sio fomu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha mambo, kwa hiyo waulizeni NHIF wenyewe utaratibu wa sasa mapema. Vivyo hivyo fao la uzazi la NSSF lina masharti yake ya michango, nenda na namba yako ya uanachama ukahakiki kama mwajiri anapeleka michango kweli, usisubiri kugundua ukiwa wodini.

Mwanamke mmoja alikuja kwetu, muuza duka la jumla, watoto wawili, umri unakwenda. Alikuwa amesubiri miaka minne kwa sababu aliambiwa akibeba wa tatu atapoteza kazi, na mume alishachoka kusubiri. Nikamwomba mkataba, tukatafuta tarehe ya kuajiriwa, nikamwandikia mizunguko yake kwenye kikaratasi. Alikuwa ameshapita mzunguko mzima ambao likizo yake hakuitumia, na haibebwi kwenda mbele. Alikaa kimya kidogo, akauliza huu mpya unaisha lini. Nikamwonyesha tarehe. Akakikunja kile kikaratasi akakiweka kwenye pochi, pale pale pamoja na kitambulisho.