Maktaba Isiyo na Kasma

Mwaka juzi halmashauri moja hapa Tanzania iliniita nikakague maktaba yao. Jengo lenyewe zuri: tofali za kuchoma, madirisha mapana, vigae sakafuni, na ukutani kibao cha marumaru chenye jina la mgeni rasmi aliyelizindua. Mlango ulikuwa na kufuli. Tulisubiri karibu saa nzima mpaka ufunguo ukapatikana kwa mhasibu, maana chumba cha ndani kilikuwa kimegeuzwa stoo ya viti vya mikutano. Vitabu vilikuwa bado vinanukia upya. Nilichomoa kimoja rafuni nikafungua jalada la nyuma, pale tunapobandika karatasi ya kugongea tarehe za kurudisha. Nyeupe pe. Nikachomoa cha pili, cha tatu, mpaka cha kumi. Hakuna hata muhuri mmoja.

Nikamuuliza Afisa Mipango: maktaba hii iko kwenye kasma gani, yaani fungu gani la bajeti? Akafungua kompyuta, akatafuta, akarudia kutafuta. Haikuwemo. Mlinzi alilipwa kutoka fungu la shule ya jirani. Umeme wa Luku ulinunuliwa na yeyote aliyeguswa siku hiyo. Mwalimu aliyeazimwa sekondari kukaa dawatini alikuwa amerudi shuleni kwake muhula uliopita, na hakuna aliyeandika barua ya kuomba mwingine.

Nimefanya kazi ya ukutubi na utunzaji wa kumbukumbu katika halmashauri kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila ninapokwenda naambiwa kwamba shida ni fedha. Sikatai, fedha ni chache. Lakini nimeona halmashauri zenye mapato madogo zikiweka maktaba wazi siku sita kwa wiki, na nimeona zenye minada mikubwa na viwanda zikiiacha ifungwe. Ukichunguza tofauti yao utaikuta kwenye makabrasha ya bajeti. Maktaba, makumbusho na chumba cha nyaraka vinaishi pale vinapoandikwa katika vitabu vya kawaida vya halmashauri, sawa na zahanati na barabara: viwe na kasma yao, nafasi zao kwenye ikama (orodha ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa), na kamati ya madiwani inayoviulizia kila robo mwaka. Bila hivyo, jengo huwa la hisani, na hisani ya mtu huondoka na uhamisho wake.

Jambo hili ni la zamani kuliko sisi. Uingereza walipotunga sheria yao ya kwanza ya maktaba za umma mwaka 1850, waliruhusu miji itoze kodi ya nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya kukodisha majengo iliyokadiriwa, kwa ajili ya maktaba. Sheria hiyo iliruhusu fedha zijenge na zitunze jengo, lakini haikuruhusu zinunue vitabu! Ilichukua miaka mitano, hadi 1855, ndipo wakapandisha kiwango kuwa peni moja na kuruhusu vitabu. Baadaye tajiri Andrew Carnegie alipoanza kujengea watu maktaba, zikafika zaidi ya 2,500 duniani, naye alikuwa na sharti: mji utoe kiwanja, na baraza lake liahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kwa uendeshaji. Asiyeahidi hakupewa.

Hesabu hiyo natamani kila Mkurugenzi Mtendaji aifanye kabla ya kupokea jengo la mfadhili. Jengo la shilingi milioni 200 linadai milioni 20 kila mwaka, mwaka hadi mwaka, kwa ulinzi, umeme, magazeti, vitabu vipya, ukarabati wa paa na intaneti. Kama halmashauri haioni itazitoa wapi, ni heri iombe chumba kimoja chenye meza kumi na kukiendesha vizuri kuliko kupokea jumba. Najua kusema hivyo mbele ya mfadhili ni kugumu. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo na kunyamaza, na jengo lile leo ni ghala la mbolea.

Kuna anayesema halmashauri haiwezi kujifunga namna hiyo. Mbona imekwisha jifunga? Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kwa miaka mingi ilikuwa maelekezo tu, ikitengwa panapo nafuu. Mwaka 2018 ikaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na tangu hapo Mkurugenzi asiyeitenga ana swali la kujibu. Siombi asilimia 10 kwa maktaba. Hata nusu ya asilimia moja ya mapato ya ndani, ikipitishwa na Baraza la Madiwani kwa azimio lililoandikwa na kuwekewa kasma, ingebadilisha mambo katika wilaya nyingi. Iwe ndogo lakini ya uhakika, maana mkutubi anaweza kupanga mwaka mzima kwa fedha ndogo anayojua inakuja. Kubwa ya kubahatisha haimpi mpango wowote.

Muda wa kuiomba nao una siri yake. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Mwongozo wa bajeti ukishatoka, idara zinajaza mahitaji, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inapitia, Baraza linapitisha mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, ndipo yaende mkoani na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa. Anayekuja na ombi la maktaba mwezi wa tano amechelewa. Aje mwezi wa kumi, na aje na daftari la wasomaji mkononi. Diwani akiambiwa "elimu ni muhimu" anaitikia kwa kichwa na kufungua kabrasha lingine. Akiambiwa kwamba kutoka kata yake vijana 43 waliingia maktaba wiki ya mitihani na 11 wakarudishwa kwa kukosa viti, anauliza kiti ni shilingi ngapi.

Kuhusu watu nitasema machache. Kitengo kisicho na nafasi kwenye ikama hakina mtumishi, kina mgeni. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo mizizi yake ni sheria ya 1963 na ambayo Maktaba Kuu yake ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina utaalamu na ipo kutushauri. Haiwezi kutuajiria mlinzi wa kila wilaya.

Wenzetu wa Kenya wamekwenda hatua moja mbele kwa maandishi. Katiba yao ya 2010, Jedwali la Nne, inataja maktaba na makumbusho waziwazi kuwa kazi ya serikali za kaunti. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama kwenye kipengele hicho, kwa sababu ndani yake zimo pia leseni za vileo na udhibiti wa michezo ya kubahatisha. Kwa hiyo kipengele kilichoipa kaunti mzigo kimeipa na chanzo cha kuubebea, na bunge la kaunti likitaka linaweza kuelekeza sehemu ya ada za leseni hizo kwenye rafu za vitabu.

Nairobi ina mfano mwingine ninaoupenda. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Baadaye ikawa ya jiji, ikiwa na matawi Kaloleni na Makadara, nayo ikachakaa. Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha asasi ya Book Bunk mwaka 2017, wakaingia makubaliano na kaunti, na matawi hayo mawili yakakarabatiwa na kufunguliwa upya. Ninachowaonyesha madiwani wetu hapo ni kwamba mali ilibaki ya umma. Mshirika ameleta fedha, ubunifu na shughuli za watoto, na mwenye nyumba amebaki kaunti. Mkataba wa namna hiyo lazima useme nani analipa nini siku mshirika akiondoka.

Makumbusho nayapitia kwa haraka, kwa kuwa wilaya nyingi hazihitaji jengo jipya. Songea ina Makumbusho ya Majimaji mahali palipobeba uchungu wa 27 Februari 1906, mashujaa wa Kingoni waliponyongwa na Wajerumani. Iringa, boma la Wajerumani limegeuzwa makumbusho kwa mkono wa Chuo Kikuu cha Iringa. Wilaya yenye boma kuukuu linalovuja tayari ina pa kuanzia. Ianze na chumba kimoja, vitu ishirini vilivyoandikiwa maelezo kwa Kiswahili, na wazee wawili wa kuvisimulia kwa posho inayoeleweka.

Nyaraka ndizo zinazoninyima usingizi. Kitabu cha maktaba kikipotea kinanunuliwa kingine. Muhtasari wa kikao cha halmashauri una nakala mbili au tatu duniani, na mara nyingi ni moja tu. Kumbukeni kwamba halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 wakati wa madaraka mikoani, serikali kuu ilipopeleka maofisa wake kuendesha mikoa na wilaya, zikarejeshwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Katika miaka hiyo kumi na miwili, karatasi za zile halmashauri za kwanza hazikuwa na mwenyewe. Vitabu vya Wilaya, yaani madaftari ya kumbukumbu ya maofisa wa Kiingereza, vilipelekwa Dar es Salaam na vinasomeka hadi leo katika Nyaraka za Taifa. Vya kwetu wenyewe, vya madiwani wa kwanza wa nchi huru, mara nyingi nimevikuta stoo.

Nimewahi kuitwa katika mgogoro wa vijiji viwili vilivyogombea lambo la kunyweshea ng'ombe. Vikao vitano vilikuwa vimekaa, na watu walikwisha jeruhiana. Nyuma ya ukumbi, chini ya milango iliyong'olewa, tulikuta mafurushi ya majalada yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Ya chini yalikuwa yamelowa na kugandamana kama tofali. Katikati ya furushi la tatu kulikuwa na mihtasari ya 1968, nakala ya kaboni kwenye karatasi nyembamba, na humo kikao kilipitisha malipo ya wachimbaji wa lambo lile, kikataja mpaka kwa korongo na mibuyu miwili. Mibuyu ilikuwepo bado. Wazee wa pande zote mbili walisomewa ukurasa ule, mmoja wao akalisikia jina la baba yake katika orodha ya waliochimba. Gharama ya kutunza karatasi ile ingekuwa sanduku moja na rafu.

Kwa hiyo ninapoulizwa waanzie wapi, nasema masijala, ofisi ya kutunzia majalada. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 inakataza kuteketeza kumbukumbu za umma bila idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, lakini bado nasikia habari za "usafi wa ofisi" unaoishia kwenye moto nyuma ya jengo. Tengeni chumba cha kumbukumbu tuli, yaani majalada yasiyotumika tena kila siku, mbali na choo na bomba. Majalada yasikae sakafuni, yainuliwe shubiri moja. Ng'oeni pini zenye kutu. Msibandike selotepu kwenye karatasi ya zamani, gundi yake hula maandishi. Karatasi iliyolowa ikaushwe kwa feni kivulini, isianikwe juani. Skana ikija kama msaada ipokeeni, ila msitupe karatasi kwa kuwa picha imo kwenye diski, kwani nimeshika diski tatu zilizokufa na data zote ndani.

Na kabla masika hayajafika, Afisa Utumishi au msaidizi wa kumbukumbu apande ngazi mwenyewe, atazame mfereji wa bati juu ya chumba cha majalada, atoe majani yaliyoziba, kisha ashuke aandike tarehe na jina lake kwenye daftari lililotundikwa mlangoni.