Je, wajua kwa nini hospitali zikiungana Marekani, bili ya mgonjwa hupanda?

Ukitibiwa Marekani, wiki chache baadaye posta hukuletea barua kutoka kampuni yako ya bima. Juu yake pameandikwa kwa herufi za kuonekana: HII SI BILI. Wengi, wakiwemo ndugu zetu waliohamia huko kutoka Kongo, Kenya au Tanzania, wakishasoma hapo hushusha pumzi na kuitupa. Wasiitupe. Ukijua kuisoma, karatasi hiyo inakuonyesha bei za matibabu za nchi ile zinavyopikwa.

Tuseme umepigwa picha ya goti kwa mashine ya MRI. Namba ninazotumia ni za mfano, ila mpangilio wake ndio huo huo wa kwenye barua. Safu ya kwanza inasema hospitali imedai dola 4,000. Ya pili inasema umepata punguzo la dola 2,600. Ya tatu ni bei waliyokubaliana bima na hospitali: dola 1,400. Ya mwisho ni sehemu yako, na hapo ndipo watu wanapokunja uso, kwa sababu bima nyingi zinakutaka kwanza ujilipie mwenyewe hadi kiasi fulani kila mwaka kabla hazijaanza kuchangia. Kama hujakifikia, hizo 1,400 zote ni za mfukoni mwako. Jirani yako aliyelala kwenye mashine ile ile asubuhi hiyo hiyo, ila ana kadi ya bima nyingine, anaweza kuandikiwa 900 au 2,300.

Zile 4,000 hakuna anayezitegemea sana. Zinatoka kwenye orodha kuu ya bei ya hospitali, yenye maelfu ya mistari, na ni kama bei ya kwanza anayokutajia muuza vitenge akiona wewe mgeni. Mwenye hatari ya kuletewa hiyo bei nzima ni yule asiye na bima na asiyejua kwamba anaweza kuomba apunguziwe. Bei yenyewe hasa ni ile safu ya tatu. Nayo haitokani na gharama ya umeme, filamu wala mshahara wa anayesoma picha. Inatoka kwenye kikao cha maofisa wa hospitali na maofisa wa bima, wanaopatana bei ya miaka kadhaa kwa mpigo. Anayeshinda kwenye kikao hicho ni yule anayeweza kuinuka na kuondoka.

Hapo ndipo kuungana kunapoingia. Mji ukiwa na hospitali nne zisizohusiana, bima inaweza kuiambia mojawapo: bei yako kali, tutawapeleka wateja wetu kwa wenzako. Hospitali hizo zikimilikiwa na bwana mmoja, tishio hilo limekufa. Hakuna mwajiri atakayewanunulia wafanyakazi wake bima isiyopokelewa na hospitali yoyote ya mjini. Kwa hiyo bima inakubali. Vitanda ni vile vile, wauguzi ni wale wale, mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni bango la mlangoni na namba kwenye safu ya tatu. Zack Cooper wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walipochambua malipo halisi ambayo hospitali zilidai kwa bima, walikuta hospitali isiyo na mshindani karibu yake inatoza kama asilimia 12 zaidi ya ile yenye washindani wanne au zaidi.

Mfano unaojulikana zaidi ni kaskazini mwa California, ambako mtandao wa hospitali wa Sutter Health ulishitakiwa mwaka 2014 na mfuko wa afya wa wafanyakazi wa maduka ya vyakula na waajiri wao. Baadaye mwanasheria mkuu wa jimbo naye akafungua kesi. Lalamiko kubwa lilikuwa mikataba ya "chukua zote au acha zote": bima ikiitaka hospitali moja ambayo wateja wake hawawezi kuikosa, ilazimike kuzichukua na nyingine zote za mtandao, kwa bei za mtandao. Ni kama kwenda dukani kununua sukari, ukaambiwa huipati bila kuchukua na sabuni, viberiti na mafuta ya taa. Mwaka 2019, siku chache kabla kesi haijaanza kusikilizwa, Sutter ilikubali kulipa dola milioni 575 na kuacha mtindo huo, bila kukiri kosa. Mwaka uliotangulia, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wamekuta kwamba bei za kulazwa kaskazini mwa jimbo zilizidi za kusini kwa asilimia 70. Jimbo moja, sheria moja.

Ukiuliza kwa nini serikali isipange bei tu, jibu ni kwamba inapanga, ila kwa baadhi ya watu. Medicare, bima ya wazee iliyoanzishwa mwaka 1965, haikai kwenye kikao cha kupatana na hospitali. Inatangaza italipa kiasi gani. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikuta kwamba mwaka 2022 bima za binafsi zililipa hospitali, kwa wastani, asilimia 254 ya ambacho Medicare ingelipa kwa huduma hizo hizo. Hospitali husema Medicare inalipa kidogo mno, ndiyo maana wanafidia kwingine. Kuna ukweli ndani yake, hasa kwa hospitali ndogo za vijijini ambazo bila kumezwa na kubwa zingefunga milango. Lakini kama lingekuwa suala la kufidia tu, nyongeza isingefuata idadi ya washindani mjini.

Kuna namna ya pili ya kuungana, isiyo na kelele: hospitali kununua vituo vya madaktari. Mwaka 2012, kwa mujibu wa Chama cha Madaktari cha Marekani, madaktari wapatao 60 kati ya kila 100 walikuwa kwenye vituo vinavyomilikiwa na madaktari wenyewe. Kufikia 2024 walibaki 42. Mgonjwa anaweza asijue lolote. Daktari ni yule yule, kiti ni kile kile, samaki kwenye tanki la mapokezi hawajaguswa. Ila barua ya bima sasa ina mistari miwili badala ya mmoja: ada ya daktari, na ada ya kituo, kwa sababu kisheria ile nyumba imegeuka tawi la hospitali. Yaani unalipia ukuta. Mauzo ya namna hii kwa kawaida hayapigiwi hata hodi serikalini, kwani sheria inataka taarifa itolewe pale tu biashara inapozidi kiwango fulani, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 126.4. Ukinunua kituo kimoja kimoja kwa miaka kumi, unapita chini ya wavu kila mara.

Basi kwa nini kampuni za bima zisipigane kufa na kupona? Hapa mambo yanageuka kinyume na mtu anavyotarajia. Sheria ya bima ya mwaka 2010, ile iliyopewa jina la Obama, iliziamuru kampuni hizo zitumie angalau asilimia 80 au 85 ya michango ya wateja kwenye matibabu. Nia ilikuwa njema: kubana faida. Lakini asilimia 15 inayobaki kwenye kapu kubwa ni nyingi kuliko asilimia 15 ya kapu dogo, kwa hiyo bei zikipanda pamoja na michango, bima haiumii kama tunavyodhani. Tena pesa ambazo bima inawalipa madaktari wake yenyewe zinahesabiwa kuwa matibabu. UnitedHealth, kampuni mama ya bima kubwa kuliko zote nchini humo, kupitia tawi lake la Optum ilikuwa mwaka 2023 na madaktari wapatao 90,000 iliowaajiri au iliyoshirikiana nao. Pesa inatoka mfuko wa kulia inaingia wa kushoto.

Mlipaji wa mwisho haonekani kwenye barua. Wamarekani wengi walio chini ya umri wa kustaafu wanapata bima kazini, desturi iliyokomaa wakati wa vita vya pili vya dunia, serikali ilipozuia mishahara isipande na waajiri wakaanza kuvutia watu kwa bima. Mwaka 2024, bima ya familia kupitia kazini iligharimu wastani wa dola 25,572 kwa mwaka. Mfanyakazi alikatwa dola 6,296. Zilizobaki alilipa mwajiri. Mfanyakazi hudhani amebebwa, kumbe wachumi wengi wanakubaliana kwamba sehemu ya mwajiri nayo ni mshahara ambao angeupata mkononi.

Lipo jimbo moja lililoshika njia nyingine. Tangu miaka ya 1970, Maryland ina tume inayopanga bei za hospitali zote za jimbo, pamoja na Johns Hopkins ya Baltimore yenye sifa dunia nzima. Bima kubwa, bima ndogo, Medicare, mtu asiye na bima: wote wanaanzia kwenye bei ile ile, na punguzo zinazoruhusiwa ni ndogo. Tume haigusi ada za madaktari, kwa hiyo Maryland nayo si nchi ya maziwa na asali. Lakini mgonjwa aliyelazwa Baltimore akiifungua barua yake ya HII SI BILI, kwenye mstari wa hospitali atakuta safu ya kwanza na ya tatu karibu zinalingana.