Mashine ya CPAP Inajuaje Kwamba Barakoa Inavuja?

Nimeandikiwa CPAP, mashine inayopuliza hewa kupitia barakoa ili njia ya hewa isizibe, kwa sababu pumzi hukatika nikiwa usingizini. Kwenye barakoa sioni waya wowote. Inanipimaje?

Kipimo kimo ndani ya mashine, pale hewa inapotoka kwenye feni kuingia kwenye mpira unaoipeleka kwenye barakoa. Baadhi ya mashine huipitisha hewa kwenye kizuizi na kulinganisha shinikizo la kabla na la baada yake. Nyingine hutumia kitu kilichopashwa moto: hewa ikipita kwa wingi, kinapoa zaidi.

Hewa ikivuja pembeni ya pua, si hesabu inaharibika?

Hapa ndipo wahandisi walipofanya kazi nzuri. Hewa uliyoivuta utaitoa karibu yote, kwa hiyo kuvuta na kutoa hufutana. Iliyovuja hairudi. Tuseme ukivuta pumzi mtiririko unapanda hadi lita 60 kwa dakika, na ukitoa unashuka hadi 10. Mashine inachukua wastani wa pumzi kadhaa, inapata kama 35, na kuihesabu hiyo kuwa hewa inayopotea. Ikiiondoa, inabaki pumzi yako peke yake.

Kwa nini basi inaniuliza aina ya barakoa?

Kwa sababu kila barakoa ya CPAP ina matundu ya makusudi ya kutolea hewa chafu ya kaboni dioksidi. Shinikizo likipanda, matundu hayo hupitisha hewa zaidi, na kila aina ina kiasi chake. Mashine inakiondoa kiasi hicho kwanza kwenye hesabu. Kinachozidi ndicho uvujaji wenyewe. Kuna watu huyaziba kwa plasta kwa sababu ya kelele. Usithubutu: utakuwa unavuta tena hewa uliyoitoa.

Ikigundua inavuja, inafanya nini?

Inaongeza kasi ya feni ili shinikizo ulilopangiwa, ambalo kwa kawaida huwa kati ya sentimita 4 na 20 za maji (kipimo cha shinikizo), lisishuke. Ina kikomo, lakini. Mashine za kampuni ya ResMed huhesabu uvujaji unaozidi lita 24 kwa dakika kuwa mkubwa. Ukifika huko, hata ripoti ya pumzi zilizokatika haiaminiki sana.

Nikaze mikanda?

Hilo ndilo kosa la wengi. Mikanda ikikazwa mno, mpira wa barakoa hujikunja na kuvuja zaidi. Ivae ukiwa umelala, mashine ikiwa inapuliza, ndipo urekebishe. Osha mpira huo kila siku, maana mafuta ya uso huufanya uteleze. Ukiamka kinywa kimekauka huku barakoa yako ni ya pua tu, huenda hewa inatokea mdomoni. Mwulize daktari kuhusu inayofunika pua na mdomo.