Unameza warfarini alafu unakula natto? Soma hii kwanza

Warfarini ni dawa ya kuzuia damu kuganda, na natto ni soya iliyochachushwa ya Japani. Nafanya kazi ya famasia na kuna sentensi moja sasa hivi naijibu kabla mtu hajaimaliza: "natumia warfarini ila nimeanza na natto, si inayeyusha damu, kwahiyo nitapunguza vidonge pole pole." Jamani hapana, usipunguze kidonge hata kimoja, na hiyo natto iache leo.

Stori ilianzia kwenye kitu cha kweli. Watafiti wa Japani walitangaza mwaka 1987 kwamba ndani ya natto kuna kimeng'enya, natokinasi, na kwenye maabara kinavunja nyuzi za fibrini zinazoshikilia bonge la damu. Watu wakaishia hapo. Wasichoambiwa ni kwamba bakteria yuleyule anayetengeneza natto, Bacillus subtilis, anatengeneza pia vitamini K2 kwa wingi wa kutisha, kama mikrogramu 1,000 kwenye gramu 100, wakati Japani mtu mzima anapendekezewa kama 150 tu kwa siku nzima. Na warfarini inafanya kazi kwa kulinyima ini vitamini K hiyohiyo, ili lisitengeneze protini za kugandisha damu kwa kasi yake ya kawaida. Sasa ukila natto unalirudishia ini kile ambacho dawa imekinyima, INR (kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda) inashuka, damu inaganda, na kama una vali ya bandia ya moyo au mapigo yako hayaendi sawa hapo ndipo kiharusi kinapoingia. Yaani umekula ili damu isigande na umepata kinyume chake kabisa.

Alafu kuna wanaosema "nakula asubuhi, dawa nameza usiku, havikutani". Vinakutana. Vitamini K ya mboga za majani inaondoka kwenye damu ndani ya saa chache, hii ya natto inakaa siku kadhaa, kwahiyo kupishanisha saa hakusaidii chochote. Japani kwenyewe, ambako natto juu ya wali ni kifungua kinywa cha kawaida, wanaopewa warfarini wanaambiwa waache natto. Sio wapunguze, waache.

Na kapsuli za natokinasi zisikudanganye, hata kama vitamini K imeondolewa, maana hizo zikichanganyika na warfarini hofu inageuka kuwa ya kutokwa damu.

Wengine wakishasikia haya wanakimbilia upande wa pili, wanafuta kila soya iliyochachushwa mezani. Nako ni kukosea. Miso na sosi ya soya zinatengenezwa kwa ukungu wa koji, tempe ya Indonesia kwa ukungu wa Rhizopus, na K2 yake haifiki popote karibu na ya natto. Vya kuangalia ni vile vinavyochachushwa na Bacillus: cheonggukjang ya Korea, kinema ya Nepal, thua nao ya kaskazini mwa Thailand, hizo zichukulie kama natto mpaka uongee na anayekupimia INR. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda kama rivaroksabani na apiksabani hazipitii njia ya vitamini K kwahiyo ugomvi huu haziuhusu, ila kubadilishiwa dawa ni uamuzi wa daktari, usijibadilishie.

Mengine kwa haraka. Tempe inatosha kwa vitamini B12? Haitegemewi, ukungu wake hautengenezi B12, ikiwepo imetoka kwa bakteria walioingia humo na kiasi hakitabiriki, kwahiyo kama huli nyama wala mayai wala maziwa tumia kidonge. Sosi ya soya ni salama kwa presha kwa kuwa imetokana na mmea? Kijiko kimoja cha chakula kina karibu miligramu 900 za sodiamu na WHO wanataka usifike 2,000 kwa siku. Na nyingi zina ngano, wenye ugonjwa wa siliaki (mwili haupatani na gluteni ya ngano) wasome lebo. Uchachushaji unaondoa aleji ya soya? Hauondoi, usijaribu.

Ushauri wangu ni uleule kila siku, ukienda kupima INR taja na chakula, na kama umeshakula natto wiki hii sema wazi ulikula lini na kiasi gani, kwasababu daktari akiona INR imeshuka bila kujua sababu anaweza kukuongezea dozi, alafu ukiacha natto ile dozi inakuwa kubwa mno na unaanza kutoka damu.