Kwa nini estrojeni, homoni "ya kike", ndiyo inayoujenga ubongo wa panya dume?

Mdunge panya jike sindano ya estrojeni siku chache tu baada ya kuzaliwa. Wengi wangekisia kwamba atakua jike kweli kweli. Wapi! Akikomaa hapevushi mayai kwa mzunguko wa kawaida, na dume akimpanda habinui kiuno kumpokea kama majike wenzake.

Mambo yanaanzia kwenye korodani za kijusi dume. Hizo humwaga testosteroni, homoni "ya kiume", siku za mwisho za mimba, na tena saa chache baada ya kuzaliwa. Testosteroni hiyo huingia ndani ya seli za ubongo, na baadhi ya seli hizo zina kimeng'enya kiitwacho aromatesi, ambacho huigeuza kuwa estrojeni. Estrojeni nayo hushikana na vipokezi vyake, yaani protini zinazoisubiri humo humo ndani ya seli. Kipokezi kikishapata homoni yake hujibandika kwenye DNA, kikawasha jeni hizi na kuzima zile.

Matokeo yake yanaonekana kwa darubini. Mwaka 1978 Roger Gorski na wenzake, Los Angeles, walieleza kundi la seli za neva kwenye haipothalamasi ya panya, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, ambalo kwa dume ni kubwa mara kadhaa kuliko kwa jike. Estrojeni huziokoa seli za hapo zisife. Ajabu ni kwamba jirani yake kuna kundi jingine, linalosaidia kuanzisha upevushaji wa mayai, na huko estrojeni hiyo hiyo huzifanya seli zife. Kwa hiyo homoni yenyewe haina amri ya "jenga" wala "bomoa". Uamuzi uko kwa seli iliyoipokea.

Lakini vijusi jike nao wanaogelea katika estrojeni ya mama yao. Mbona hawageuki? Damu yao imejaa protini iitwayo alfa-fetoprotini, ambayo huidaka estrojeni kabla haijafika ubongoni, kama mpiga debe anayemshika abiria mkono kabla hajaliona basi lingine. Protini hiyo haiidaki testosteroni, na ndiyo maana testosteroni ya dume hupita salama. Mwaka 2006 kundi la Julie Bakker, mjini Liège, Ubelgiji, lilichunguza panya jike wasio na jeni ya protini hiyo: walipokua hawakumkubali dume, na wakawapanda wenzao. Utengenezaji wa estrojeni ulipozuiwa wakiwa bado tumboni, tabia ya kike ilirudi. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio zuri kuliko yote katika habari hii.

Usiyahamishie haya kwa binadamu yalivyo. Alfa-fetoprotini yetu haiishiki estrojeni vizuri, na kwetu vipokezi vya testosteroni yenyewe vinaelekea kubeba mzigo mkubwa zaidi. Watu wenye kromosomu za XY, ambazo kwa kawaida ni za wanaume, ambao vipokezi hivyo havifanyi kazi kabisa huzaliwa na maumbile ya nje ya kike, na wengi wao hujitambua kuwa wanawake, ingawa testosteroni wanayo tele na vipokezi vyao vya estrojeni ni vizima. Na wanaume wachache waliozaliwa bila aromatesi inayofanya kazi? Wamekua wakijiona wanaume. Kilichowapeleka hospitali ni mifupa, iliyoendelea kurefuka hata utu uzimani.